Kila nikiulizwa najibu sijambo, kumbe ninalo

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia saa tisa usiku, mtoto kanilalia kifuani, natumia kidole gumba kimoja. Nisamehe maneno yakigongana.

Ni mtoto wangu wa kwanza, wa kike, ana wiki kumi na moja. Ananyonya vizuri, uzito unapanda, kila anayemwona anasema kamchukua baba yake sura nzima. Nikianza hivi mtu atauliza, sasa huyu ana shida gani? Hilo ndilo linalonifunga mdomo.

Haya yalianza kabla hajazaliwa. Mimba ilipofika miezi sita nikawa naamka usiku moyo unanienda mbio kama mtu anayefukuzwa. Nalala pale nahesabu mateke ya mtoto, akitulia kidogo tu nasema basi, kafa. Kliniki mkunga alinipima presha, akapima tumbo, akaandika kwenye kadi, kisha akauliza bila kuinua macho, "Mengine yote mazuri?" Nikasema mazuri. Nilijua akizaliwa yatakwisha.

Hayakwisha. Walipomweka kifuani mwangu nilingoja lile penzi wanalolisimulia watu. Halikuja. Namnyonyesha, namwogesha, namfunika, akilala namhesabia pumzi, lakini moyoni ni kama nimeachiwa mtoto wa mgeni na mwenyewe atapita jioni kumchukua. Akilia kwa muda mrefu natamani kufungua mlango nikimbie, halafu najichukia kwa kutamani hivyo.

Sasa hili sijamwambia mtu. Wiki ya tano hivi nilikuwa nateremka ngazi nimembeba. Ghafla nikaona kichwani, wazi kama picha, mikono yangu inamwachia. Shangazi, nilikaa palepale kwenye ngazi, nikambana kifuani na kutetemeka mpaka mume wangu aliporudi. Tangu siku hiyo nikiwa naye nateremka nimekaa, daraja moja baada ya jingine. Mume akiuliza nasema mgongo unauma. Visu vyote nimevipandisha kabati la juu. Sijui kama nampenda huyu mtoto, ila najua sitaki adhurike, bora nife mimi. Na kuna usiku huwa nawaza kwamba ningelala nisiamke, wote wangepumzika.

Mama mkwe aliniona nimekaa kimya akasema, "Sisi tulizaa, tukalea, wala hatukuwa na nafasi ya kuwaza." Hakusema kwa ubaya. Mama yangu mzazi nilimwambia kwa simu kwamba nimechoka. Akacheka kwa upendo, akasema, "Ndio uzazi huo, mwanangu." Mume wangu ni mtu mwema. Lakini siku hizi akirudi husimama nje ya mlango dakika nyingi kabla ya kuingia. Namwona dirishani. Najua ni kwa sababu yangu.

Kusema nimejizoeza. Naingia bafuni, nafungua bomba ili wasinisikie, najitazama kwenye kioo nasema, "Siko sawa." Nikitoka, mtu akiniuliza hujambo, mdomo unajibu wenyewe: sijambo.

Miadi ya chanjo ni baada ya wiki tatu. Niseme? Nimwambie nani, na kwa maneno gani? Nikiyataja yale ya ngazi si wataniona nina wazimu, wanichukulie mtoto? Na wakinipa dawa, kunyonyesha kutakuwaje?

Mimi, mama asiyelala

*

Marahaba, mwanangu.

Naanza na sentensi uliyoipenyeza mwishoni mwa aya, baada ya visu, kama mtu anayeweka kitu mezani na kukifunika kwa kitambaa. Ile ya kulala usiamke. Nakuuliza waziwazi, kwa sababu kumuuliza mtu kuhusu kufa hakumtii wazo ambalo hakuwa nalo: wazo hilo linakuja na kupita, au limeanza kuwa na mpango, yaani namna, mahali, siku? Kama limeanza kuwa na mpango, acha kusoma hapa. Mwamshe mume wako, mwambie, "Nawaza kufa, usiniache peke yangu," mwende hospitali usiku huu huu, kitengo cha dharura. Na kama bado linakuja na kupita, hilo nalo ni zito kiasi cha kutongoja wiki tatu. Nitalirudia.

Sasa ngazi, maana najua ndicho kilichokukalia kooni.

Ile picha ya mikono inayomwachia mtoto ina jina. Ni mawazo ya kuvamia. Huingia bila kubishwa hodi, huwa ya kutisha, na mara nyingi hulenga kile hasa ambacho mtu angetoa roho kukilinda. Watafiti walipowauliza mama wapya bila kuwahukumu, karibu wote walikiri kuwaza ajali ikimpata mtoto, na takriban nusu walikiri kupitiwa na wazo la kumdhuru kwa mikono yao wenyewe. Nusu, mwanangu. Ukikaa kwenye benchi la kliniki ukawatazama mama waliojipanga na watoto wao, wengi wamekwisha kuliona wanaloliona aibu kulitaja, na kila mmoja anadhani ni yeye peke yake.

Tazama ulichofanya baada ya picha ile. Ulikaa chini. Ukambana kifuani. Ukatetemeka. Mtu anayetaka kumdhuru mtoto hatetemeki kwa kuliwaza hilo. Wazo linalokuchukiza na kukutia hofu hivyo limekwenda kinyume na nia yako, na wataalamu wanalijua tofauti hiyo vizuri sana. Ubaya wake ni kwamba kila unavyozidi kulikwepa ndivyo linavyozidi kupata nguvu. Kuteremka umekaa kunakupa ahueni ya dakika moja, kisha ubongo unajiambia, kumbe kweli kulikuwa na hatari. Jana ngazi, leo visu, kesho litakuwa beseni la kuogea. Usijilazimishe peke yako kuyaacha hayo kwa siku moja. Mnasihi aliyefunzwa atakurudisha kwenye ngazi taratibu, na watu hupona kabisa.

Kuna hali nyingine ambayo ni lazima niitofautishe, hata kama wewe huonekani kuwa nayo, kwa sababu wanaosoma hapa ni wengi. Kwa mama mmoja au wawili katika kila 1,000 wanaojifungua, akili huchafuka ghafla, aghalabu ndani ya wiki mbili za mwanzo. Halali na wala hasikii haja ya kulala, anaongea haraka, anasikia sauti, anashuku watu wa nyumbani, au anaamini jambo la ajabu kuhusu mtoto na kuliona ni sahihi kabisa. Yeye hatishiki na mawazo yake kama wewe; anayaamini. Madaktari huiita saikosisi ya baada ya kujifungua, na ni dharura kama vile kutokwa na damu nyingi. Asiachwe peke yake na mtoto, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Hutibika, na wengi hurudi kuwa wazima. Walio na ugonjwa wa hisia mbili, ule unaomrusha mtu kutoka furaha iliyopita kiasi hadi huzuni nzito, au waliowahi kuugua hivyo kwa mtoto aliyetangulia, wamo kwenye hatari kubwa zaidi. Hao wamwambie mkunga mapema, mimba ikiwa bado changa.

Hali yako wewe mimi siwezi kuipima kwa barua, lakini naweza kukuambia inafanana na nini. Siku ya pili au ya tatu baada ya kujifungua mama wengi hulia bila sababu. Homoni zilizokuwa juu miezi tisa zimeporomoka kwa siku chache, usingizi hakuna, mwili una maumivu. Hali hiyo hupita yenyewe ndani ya wiki mbili, na ndiyo wanayoikumbuka wazee wanaposema "ndio uzazi huo." Wako sahihi kwa wiki mbili hizo. Wewe uko wiki ya kumi na moja, na mwanzo wake ulikuwa mwezi wa sita wa mimba. Hapo tunazungumzia sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, na wasiwasi uliopita kiasi, ambavyo ni maradhi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wajawazito 10 katika kila 100, na waliojifungua 13 katika kila 100, hupata tatizo la afya ya akili, sonona ikiongoza. Katika nchi zinazoendelea makadirio yanapanda hadi karibu 16 wakati wa ujauzito na karibu 20 baada ya kujifungua. Na mara nyingi kinachogunduliwa mtoto akiwa na miezi mitatu kilikuwapo tangu tumboni. Mkunga aliyekuuliza bila kuinua macho alikosa nafasi yake. Simlaumu sana, foleni ni ndefu, lakini swali lile halikuwa swali.

Na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Salamu yetu ni nzuri, ila kwa mtu aliye kama wewe ina mtego. Hujambo? Sijambo. Mwulizaji anauliza kama huna jambo, na wewe unaapa kwamba huna. Jibu limekwisha kutengenezwa kabla hujafikiri, ndiyo maana mdomo wako unalitoa wenyewe. Ukitoka hapo linakuja swali la pili, mtoto hajambo? Naye hajambo. Wote mko wazima, mazungumzo yamekwisha.

Neno la pili linalokuficha ni "nimechoka." Ulimwambia mama yako umechoka, naye akakujibu kuhusu uchovu, kwa sababu hicho ndicho ulichompa. Hakukupuuza. Kila mzazi wa mtoto mchanga amechoka. Neno hilo limebeba mizigo ya watu wote, wako hauonekani ndani yake. Sitaki uendelee kulitumia. Sema kitu chenyewe, kwa siku na kwa saa, kama ulivyoniandikia mimi. Barua yako haina hata sehemu moja inayoeleweka vibaya.

Kwa mume wako, leo usiku, mtoto akishalala, sema hivi: "Nina jambo. Nisikilize mpaka mwisho usinitulize. Mgongo hauniumi. Nateremka nimekaa kwa sababu niliona picha kichwani ya kumwangusha mtoto, na ninaogopa. Usiku nyingine natamani nisiamke. Nataka twende wote tukamwone mtu." Ukishindwa kutamka, mpe simu asome ulichoniandikia. Hakuna kanuni inayosema lazima itoke mdomoni.

Mkiwa hapo, muulize naye anasimama kufanya nini nje ya mlango. Umejiamulia kwamba ni kwa sababu yako, lakini hujamuuliza. Utafiti mkubwa uliokusanya tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2010, ulikuta sonona kwa baba karibu 1 katika kila 10, kuanzia kipindi cha ujauzito hadi mwaka wa kwanza wa mtoto, na mara nyingi ikienda sambamba na ya mama. Wanaume wengi haiwajii kwa machozi. Inawajia kwa ukali, kwa kukaa kazini mpaka usiku, kwa kinywaji, kwa kusimama nje wakitafuta nguvu ya kushika kitasa. Baba unayesoma hapa na kujiona dirishani, hayo ninayomwambia mama huyu ni yako pia.

Kwa mkunga au muuguzi, usingoje akuulize na usianze na mtoto. Ukikaa tu kwenye kiti, kabla hajafungua kadi: "Leo nimekuja kwa ajili yangu mwenyewe. Nina wiki kumi na moja tangu nijifungue, sina raha tangu mimba ya miezi sita, napata mawazo ya kutisha ambayo siyataki, na kuna nyakati natamani nisiamke. Naomba kupimwa sonona." Yaandike kwenye karatasi. Ukiona koo linafunga, mkabidhi karatasi. Wahudumu wamezoea kupokea karatasi, na wengi watashukuru umewarahisishia kazi.

Kupimwa kwenyewe si jambo la kutisha. Kuna dodoso linaloitwa Kipimo cha Edinburgh, lililotolewa mwaka 1987 na sasa limetafsiriwa kwa lugha nyingi sana. Lina maswali 10, yote yanahusu siku 7 zilizopita: kama umeweza kucheka, kama umejilaumu bila sababu, kama umeogopa bila sababu ya maana, kama umeshindwa kulala kwa huzuni. Alama zinakwenda kutoka 0 hadi 30, na kwa kawaida anayefika 13 hufuatiliwa kwa karibu. Wengine huanza kufuatilia kwenye 10. Swali la 10 linauliza kama umewaza kujidhuru. Hilo likijibiwa "ndiyo," hata kwa uchache, mhudumu anapaswa kuzungumza nawe hapohapo bila kujali jumla ya alama. Usilipunje. Jibu la swali lile moja ndilo litakalokusogeza mbele ya foleni.

Waombe pia wakupime damu na tezi ya thairoidi, ile iliyo shingoni. Upungufu wa damu baada ya kujifungua unachosha na kushusha moyo, na tezi ile kwa baadhi ya mama huvurugika katika mwaka wa kwanza, ikaleta moyo kwenda mbio, wasiwasi, kisha uzito na huzuni. Vyote viwili hutibika kirahisi, na ni vibaya kuhangaika na moyo wakati sehemu ya tatizo iko kwenye damu.

Sasa hofu yako ya kunyang'anywa mtoto. Ndiyo inayowanyamazisha mama wengi kuliko kitu kingine chochote, na sitaki kuipita juujuu. Mhudumu anayejua kazi yake akisikia mama anasema "napata mawazo ya kutisha na ninaomba msaada," anachokiona ni mama anayemlinda mtoto wake. Lengo la matibabu ni kuwabakiza pamoja. Uingereza, Ufaransa na Australia zina wodi maalumu ambamo mama aliyezidiwa hulazwa na mtoto wake, kwa sababu iligundulika kuwa kuwatenganisha huumiza wote wawili. Kuugua sonona hakukufanyi mzazi asiyefaa.

Je, ukimpata mhudumu asiyejua kazi yake? Hutokea, siwezi kukuficha. Atakayekuambia omba Mungu tu, au mbona mtoto mzuri hivi. Omba Mungu, sala haina ubaya, kisha muombe muuguzi mwingine. Rudi kesho yake. Nenda na mume wako, au mtu mwingine mwenye sauti. Jibu baya la mtu mmoja ni la mtu huyo tu, usilichukue kama hukumu ya tiba nzima.

Kuhusu dawa: si lazima iwe ndiyo hatua ya kwanza. Kwa sonona isiyo kali sana, mazungumzo ya matibabu yanatosha kwa wengi. Na wala hayahitaji daktari bingwa. Nchini Pakistan, kwenye vijiji vya Rawalpindi, wahudumu wa afya wa ngazi ya jamii, wanawake wasio wataalamu wa akili, walifunzwa kuwatembelea wajawazito wenye sonona na kuzungumza nao kwa utaratibu maalumu: mawazo yanayomrudisha mama nyuma, hatua ndogo ya wiki hii, nani nyumbani atasaidia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Mtoto alipofika miezi 6, waliotembelewa kwa utaratibu huo na bado wana sonona walikuwa 23 katika kila 100. Waliotembelewa kwa kawaida tu, 53. Shirika la Afya Duniani liliuchukua utaratibu huo likautolea mwongozo mwaka 2015. Mimi huwa nafikiria sana idadi ile. Kilichowaponya ni kuzungumza, na mtu aliyejua jinsi ya kusikiliza.

Ikionekana dawa inahitajika, kunyonyesha mara nyingi hakuzuii. Zipo dawa za sonona zinazopita kwenye maziwa kwa kiasi kidogo sana. Sertralini ni mojawapo, na madaktari wengi huanza nayo kwa mama anayenyonyesha. Huchukua wiki kadhaa kabla hujaona tofauti kubwa, kwa hiyo usikate tamaa siku ya nne. Mwambie daktari unanyonyesha, mwambie dawa nyingine unazotumia, na usianze wala kuacha kwa uamuzi wako. Wajawazito waliokuwa wakitumia dawa za akili tangu zamani nao wasizitupe siku kipimo cha mimba kinapotoka. Waende kwa daktari haraka, kwa sababu baadhi hubadilishwa, kama valproati ambayo ina madhara kwa mimba, na nyingine huendelea vizuri tu. Kuacha ghafla kunaweza kumrudisha mtu mbali kuliko alikotoka.

Usingizi nao ni sehemu ya tiba, ingawa najua kumwambia mama wa mtoto mchanga "lala" ni kama kumcheka. Nasema hivi: tafuteni kipande kimoja cha saa nne au tano mfululizo, usiku mmoja baada ya mwingine, ambacho mtoto ni wa mtu mwingine. Mume, mama mkwe, dada. Maziwa yakamuliwe mapema kama inawezekana, au mtoto aletwe kwako anyonye kisha aondolewe chumbani. Hapo ndipo mama mkwe anapoingia. Hakuna haja ya kumshawishi kwamba sonona ipo. Mpe kazi. Mwambie, "Mama, daktari ameniagiza nilale kwa muda wa saa tano bila kuamshwa, naomba unishikie mtoto." Wazee wengi wasioweza kupokea neno la ugonjwa wa akili wanapokea vizuri sana agizo la daktari. Na usije ukashangaa siku moja akikuambia kwamba hata yeye, kwa mtoto wa tatu, alikuwa akikaa kimya. "Hatukuwa na nafasi ya kuwaza" ni sentensi yenye huzuni kubwa ukiisikiliza mara ya pili.

Mwanamuziki Adele wa Uingereza alisimulia mwaka 2016 jinsi sonona ilivyomkaba baada ya kumzaa mwanawe, na jinsi alivyokaa nayo kimya, mpaka siku moja alipomwambia rafiki yake ukweli jinsi anavyoichukia hali ile. Rafiki akaangua kilio, akasema na yeye pia. Kwake mazungumzo yale yalitosha kumwinua. Kwa wengi hayatoshi, inahitajika na tiba, lakini mlango huwa ni huohuo.

Wangu mimi ulifunguliwa na jirani. Mtoto wangu wa pili alikuwa na miezi minne. Nilikuwa nakunja nepi, nikimaliza nazikunjua nakunja upya, kwa kuwa mikono ikitulia kichwa kinaanza. Jirani aliingia kuomba kitu, akasimama akanitazama kwa muda. Kisha akakaa, akanichukua ile nepi mkononi, akaiweka pembeni, akaniuliza, "Na wewe je?" Akanyamaza. Hakuongeza neno. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila salamu isipokuwa ile. Ninawaomba nyote mnaokwenda kumwona mzazi: baada ya kumsifu mtoto, muulizeni hivyo, kisha mvumilie kimya kinachofuata. Msikijaze.

Penzi ulilolingoja siku ya kwanza, kwa mama wengi halishuki siku ya kwanza. Linakuja kwa wiki, kwa miezi, katikati ya kubadilisha nguo iliyolowa, na sonona hulichelewesha kwa sababu hufunga kila hisia, si hiyo tu. Umenyonyesha, umeogesha, umehesabu pumzi, umeteremka ngazi umekaa ili asidhurike. Mtoto hajakosa kitu kwako wakati huu wote. Aliyekosa ni wewe.

Miadi ya chanjo iache palepale, lakini usiingoje. Nenda kesho asubuhi. Mume aombe ruhusa kazini, ashike mtoto, wewe ushike karatasi. Ukirudi niandikie walivyokupokea, hata kwa mstari mmoja, hata kwa kidole gumba. Na kama umeishia mlangoni ukarudi nyumbani, niandikie hilo pia, tutafute mlango mwingine.

Shangazi